Kadi ya Rambirambi ya Malkia

Kosa langu la kwanza katika kazi ya kutunza wazee lilikuwa kumpa pole Mskoti kwa kifo cha Malkia wa Uingereza. Tena si pole ya mdomo tu. Nilinunua kadi yenye maua, nikanunua na ya pili kwa sababu kwenye ile ya kwanza mwandiko wangu ulipinda, nikawazungukia wenzangu wote wa zamu ya asubuhi, pale kwenye nyumba ya wazee ya Fridley, Marekani, waitie sahihi.

Mzee akaitazama. "Nani kafa?"

"Malkia wako, mzee."

"Wangu? Waambie Waingereza wazike mtu wao."

Wiki nzima akataka anyolewe na mtu mwingine.

Mimi nikikosea silali. Historia sikuisomea chuoni, nilijifundisha kwa vitabu vya maktaba, daftari na kalamu za rangi nne. Aliponikubali tena, nikamnyoa huku nikimtajia wafalme wa Scotland kwa mpangilio. Kuna watano waliofuatana wenye jina moja. Alisinzia kwa wa tatu. Aliamka nilipomfikia yule aliyerithi kiti cha Uingereza, akahamia kusini, akarudi kwao mara moja tu.

"Kama wewe," akasema.

"Yeye hakuhitaji viza, mzee."

Hapo ndipo alipocheka mara ya kwanza.

Siku zile nilikuwa na barua ya kuitwa kuapa uraia wa Marekani. Nilitaka uraia ili nimlete mama. Lakini Tanzania haina uraia pacha, kwa hiyo kuapa ni kuaga. Kiapo nilikuwa nimekikariri chote, hadi pale unapomkana kila mfalme, nikamwomba mzee anisikilize.

"Hebu acha. Mfalme gani unamkana wewe? Unaye?"

"Wewe uliapaje?"

Akaniambia nifungue droo. Mlikuwa na pasipoti yake, yenye nembo ya ufalme wa Uingereza kwa rangi ya dhahabu. Miaka hamsini Marekani, hajaapa.

"Mzee, kila asubuhi unamtukana huyu mfalme mpya, kumbe wewe ni mtu wake."

"Nikimkana, nitamtukana kama nani? Kama jirani?"

Nikaona aibu upya kwa ile kadi. Mimi ni Mngoni. Kwetu kukiwa na msiba, watani wetu Wahehe huja makaburini kuiga mwendo wa marehemu, na hakuna anayewapa pole. Mimi nilimpelekea mtani wa Malkia kadi ya maua.

Lakini swali lake lilinikaa. Kila Jumapili baada ya ibada, kwenye mji jirani wa Brooklyn Center, sisi Watanzania tunakula pilau na kuisema serikali ya nyumbani. Nikishaapa, ningeisema kama nani? Niliahirisha mara moja. Mara ya pili nikaenda, nikaapa bila kukosea hata neno, nikalia kwenye maegesho.

"Umemkana nani?" mzee akaniuliza.

"Sijui. Hawakuuliza jina."

Jumapili iliyofuata, kabla hata sijamega nyama, nikaanza na umeme unaokatika. Kaka mmoja akasema, "Wewe Mmarekani, hayo hayakuhusu."

Zamani ningeomba radhi, nikaenda nyumbani kusoma sheria. Siku ile nilimwambia asogeze kachumbari, nikahamia kwenye habari za maji.

Sasa mimi ni raia wa Marekani, mama ana chumba chake hapa, na Tanzania bado naisema.