Kufuli kwa Nje

Abdille aliendesha lori kati ya Garissa na Liboi, mpakani mwa Somalia, miaka mingi. Alikwenda na unga na mafuta ya kupikia, akarudi na mbuzi. Kisukari alikuwa nacho muda mrefu pia, ila hakukipa nafasi. Vidonge alimeza alipokumbuka, na chai yake ya maziwa ya ngamia ilibaki tamu vilevile, maana kwao kumpa mtu chai isiyo na sukari ni kama kumwambia aondoke.

Macho yalianza kwa vidoa vyeusi vilivyoelea mbele yake mfano wa masizi. Alidhani ni vumbi la njiani. Alinunua dawa ya matone dukani, akatia, akaendelea na safari.

Adhuhuri moja, akitoka Liboi, askari wa kizuizi alisimama katikati ya barabara ameinua mkono. Abdille hakumwona. Utingo wake, Sugow, ndiye aliyepiga kelele. Lori lilisimama karibu kabisa na yule askari, ambaye tayari alikuwa amewaelekezea bunduki. Abdille alisingizia breki. Askari alimtukana sana, kisha akawaachilia. Walipopita kizuizi, Abdille aliegesha kando na kuteremka.

"Shika wewe," alimwambia Sugow.

Sugow alishika usukani mpaka Garissa.

Daktari wa macho alimweleza kwamba sukari imeharibu mishipa midogo nyuma ya jicho, nayo imevuja damu. Jicho la kulia lilikuwa limekwisha. La kushoto lilibaki na mwanga kidogo pembeni, na mionzi ya leza ingeweza kuulinda. Vidonge navyo havikutosha tena. Sasa ni sindano ya insulini.

"Nitarudi barabarani lini?" Abdille aliuliza.

"Mzee, tunapigania kilichobaki. Kilichokwenda hakirudi."

Basi akabaki nyumbani, mtaa wa Waberi, katika ua wenye ukuta mrefu uliopandwa vipande vya chupa juu. Mkewe, Hinda, aliuza vitambaa sokoni, na sasa ndiye aliyelisha nyumba. Mwanzoni Abdille alitoka peke yake akipapasa ukuta. Siku ya tatu aliukosa ukuta, akaingia barabarani, bodaboda ikamgonga nyonga. Alilala kitandani wiki mbili. Alipoweza kusimama, Hinda alinunua kufuli. Kila asubuhi alimdunga sindano, akamwandalia canjeero, chapati laini za Kisomali, akatoka na kulifunga lango la mabati kwa nje. Sukari nayo aliificha, kwa kuwa Abdille alikuwa akiitafuta kwa vidole.

Mwanamume aliyejua kila tuta kati ya Garissa na mpaka alianza kuijua nyumba yake upya: mlango, jiko, pipa la maji, lango. Alisikia watu wakipita. Wengine walimsalimu kupitia mabati, akajibu, wakaenda zao. Alichukia zaidi ile sauti ya kufuli likibanwa. Ilimjia hata wakati Hinda yuko nyumbani.

Jumamosi moja, baada ya sindano, alimwambia mkewe, "Leo usifunge."

"Nikuache utoke ukagongwe tena?"

"Mbuzi ndio hufungiwa, Hinda."

"Mbuzi hawanililii nikiwa sokoni," alisema Hinda. "Mimi huko nakusikia wewe tu. Kula, chakula kiko mezani."

Alitoka. Kufuli lilibanwa. Kwa hasira Abdille alibeba sahani mpaka uani na kuwamwagia kuku canjeero yote. Hilo lilimpendeza kwa muda mfupi.

Kisha mikono ilianza kutetemeka. Jasho lilimtoka mgongoni, ingawa alikuwa kivulini. Alijua ni nini. Dawa ilikuwa mwilini na chakula hakikuwapo. Sukari ilikuwa inashuka. Aliingia jikoni, akapapasa rafu: chumvi, majani ya chai, unga mbichi. Simu hakuipata. Miguu ilimlegea. Alijikokota hadi langoni, akaanza kuyapiga mabati kwa kiganja.

Jirani yake, Mwalimu Zilpah, alikuwa akianika nguo upande wa pili wa ukuta. Alikuwa mtu wa Machakos aliyeletwa Garissa na kazi ya ualimu.

"Mzee Abdille? Kuna nini?"

Alijibu, lakini maneno yalitoka yamekunjamana, kama ya mlevi. Zilpah alijua mzee huyu hajaonja pombe maishani. Tena mamake mwenyewe alikuwa na ugonjwa huo huo.

"Umedungwa sindano leo?"

"Eeh."

"Umekula?"

Abdille alipiga mabati tena.

Zilpah alikimbia nyumbani na kurudi na chupa ya plastiki yenye soda. Alipanda juu ya ndoo, akaifunga chupa kwenye ncha ya leso yake ya kujifunga na kuishusha upande wa Abdille juu ya vile vipande vya chupa. Leso ilichanika kidogo ila ikashika.

"Mzee, soda iko hapa. Fuata sauti." Akaanza kugonga ukuta kwa kijiko. "Hapa. Usilale. Hapa."

Abdille alitambaa. Mara mbili alipotea, akaelekea jikoni, na Zilpah akagonga kwa nguvu zaidi. Hatimaye mkono wake uligusa kitambaa. Kifuniko kilikuwa kimelegezwa. Alikunywa, nusu ikimwagikia kifuani, akaegemea ukuta akihema. Warsame mwenye duka, aliyeitwa na Zilpah, alikuja na mtaimbo akavunja kufuli.

Hinda alipopigiwa simu, akarudi mbio, alimkuta mumewe ameketi pale pale chini, na mwalimu akimlisha mkate. Akaketi mchangani na buibui lake.

"Ningekufa nikiwa nimefungiwa," alisema Abdille.

"Na ukitoka utakufa ukiwa huru. Niambie basi nifanye nini. Niambie, mimi nifanye."

Abdille alijipangusa soda kifuani.

"Mwalimu, Mungu akubariki," Hinda alimwambia Zilpah kwa Kiswahili. "Mimi kwisha choka."

"Najua, dada," alisema Zilpah. "Najua."

Hakuna kufuli jingine lililonunuliwa. Kopo la sukari liliwekwa kando ya kitanda kwa siku ya hatari, na Zilpah hupita kabla ya kwenda shuleni kuhakikisha mzee amekula. Asubuhi ya kwanza ya lango wazi, Abdille alivaa kanzu safi, akasimama kizingitini. Bodaboda zilipita mbele yake, huku na huku, hata asijue ipi inakuja na ipi inakwenda. Nyonga ilianza kumuuma. Akageuka, akarudi ndani, akaketi. Hakumwambia mtu.

Sasa, akipata wa kumshika bega, hufika msikitini au dukani kwa Warsame. Siku nyingi hampati. Kliniki ya macho haachi kwenda, na leza imelinda ule mwanga wa pembeni. Unamtosha kujua kwamba mtu amesimama mlangoni, haumtoshi kujua ni nani, na yeye huuliza kila mara, hata anapoingia Hinda.