Vipindi Kumi na Viwili vya Bibi Mikono

Fundi kamera wa chuo cha wakunga ana miaka hamsini na miwili. Kwa miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa kubeba kamera begani na kumfuata mwalimu alipo. Ratiba hakuihitaji. Ile yenye muhuri ilibandikwa ubaoni kwa ajili ya wakaguzi, na wanafunzi waliifananisha na picha ya harusi: ipo ukutani, lakini ya ndani ni mengine. Ratiba ya kweli ilipita midomoni, kwenye korido.

Muhula huu chuo kilinunua programu inayorekodi yenyewe. Kila darasa lilifungiwa kamera darini. Programu husoma kalenda, saa ikifika huwasha, saa ikiisha huzima. Mkuu wa kompyuta, ambaye kwa umri angeweza kuwa mwanawe, alimwagiza aingize ratiba yenye muhuri na si nyingine. Fundi alimweleza kwamba ile haifuatwi na mtu.

"Wataanza kuifuata, mzee," alijibiwa. "Mashine haisikilizi umbea."

Aliifanya kazi kwa siku mbili. Alilinganisha saa ya kompyuta na ya ukutani, akaweka vipindi vijirudie kila wiki, akajaribu kwa dakika tano. Ikawaka. Kamera ya begani ikafungiwa stoo.

Aliyehitaji kurekodiwa kuliko wote ni mwalimu wanayemwita Bibi Mikono. Chuoni ni yeye peke yake aliyejua vizuri kumgeuza, kwa mikono tu na kwa nje ya tumbo, mtoto aliyetanguliza makalio. Figo zake zilikuwa zimeharibika, huu ulikuwa muhula wake wa mwisho, na wa kumrithi hakuwapo. Video ndizo zingefundisha baada yake. Kalenda ilimpa Jumanne mchana. Hospitali nayo ikampangia kusafishwa damu Jumanne mchana, kwa hiyo akawa anafundisha siku anayojisikia nafuu, na habari anampa kiongozi wa darasa.

Wiki ya pili alimwambia fundi pia, wakipishana mlangoni. Fundi akaenda kwa mkuu wa kompyuta, akapewa fomu ya kubadili kalenda: sahihi tatu, siku saba kabla. Siku saba kabla, Bibi mwenyewe hakuwa anajua kama atasimama. Fomu ikalala kwenye droo.

Kila Jumanne jioni programu iliweka alama ya kijani: imekamilika. Fundi alizihesabu hadi zikafika kumi na mbili. Hakufungua video hata moja.

Wiki ya kumi na tatu Bibi alilazwa, na wanafunzi wakaomba video za kujiandalia mtihani. Ndipo alipozifungua. Feni inazunguka, viti vimepangwa. Katika ya nne, mfagizi amekaa kwenye kiti cha mwalimu anakula ndizi. Katika ya tisa, siku ambayo mashine ya hospitali iliharibika na Bibi akafundisha asubuhi hadi akapitiliza saa ya kamera kuwaka, kuna dakika nne: anarudisha tumbo la mpira la kufundishia kwenye mfuko wake, anafuta ubao, anauliza nani hajaelewa. Hakuna anayenyoosha mkono.

"Kwani hukujua?" mkewe alimuuliza jioni alipomsimulia.

"Nilijua. Nilitaka zile alama ziwe za kweli."

Kesho yake aliazima simu ya binti yake, akachukua lile tumbo la mpira, akaenda wodini. Alimwomba Bibi amwonyeshe hapo hapo kitandani, polepole, mara moja tu. Bibi aliweka mikono juu ya mpira. Ilikuwa imevimba, vidole havikujikunja. Alijaribu, akaacha, akajaribu tena upande wa pili.

"Zima, mwanangu," alisema. "Hii siyo yenyewe. Wakijifunza hii wataua mtoto wa mtu."

Akazima, akafuta alichorekodi mbele yake, kama alivyotaka.

Alizikwa wiki iliyofuata. Taarifa ya muhula inasema rekodi zote zilikamilika. Wanafunzi wa mwakani watalisoma somo lile kitabuni: kurasa mbili, bila picha.