Paa la Asubuhi Moja

Makuti yaliyolowekwa yana harufu yake. Si mbaya kama ya samaki aliyelala, wala si nzuri. Ni harufu ya maji yaliyosimama na jani lililoanza kulainika, na ukishona wiki mbili inaingia vidoleni, haitoki hata ukisugua kwa majivu. Nilikuwa na miaka tisa, au kumi, mama hakuandika popote, na msimu ule mzima nilikula ugali kwa mkono wenye harufu hiyo. Tulikuwa Mwabungo. Nyumba zetu zilikuwa za udongo na makuti, zimebanana hata jirani akipiga chafya unamwombea dua ukiwa kitandani kwako. Shule niliacha darasa la tatu, kwa hiyo msinisahihishe sana. Naandika kama ninavyosema, mjukuu wangu ananiwekea nukta.

Moto ulianza mchana, kwenye jiko la nyumba ya mwanzo, kaskazi inavuma kavu. Siku zile moto wa makuti haukuzimwa kwa maji. Mpaka uvute ndoo moja kisimani, nyumba ishakuwa jivu. Ulikatiwa njia: nyumba iliyo upande upepo unakoelekea inaezuliwa, paa lote linateremshwa na kuburutwa mbali, moto ukifika unakuta kuta tupu. Lakini paa la mtu haliguswi mpaka mwenyewe atamke. Miaka mingi baadaye niliona mtu ameshikilia mlango wake, analia hataki, na nyumba za wenzake zikaenda pamoja na yake. Siku ile nyumba iliyofuata ilikuwa yetu. Baba alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, wajomba wako mbali Kinango na mifugo yao, kwa hiyo wanaume walisimama uani kwetu na mapanga, wanamtazama mama.

"Mama Halima, sema wewe!" alipiga kelele Kombo. Halima ni mimi. Kombo alikuwa jirani wa nyuma yetu, mwenye nyumba mpya aliyoijenga kwa ajili ya harusi yake, na moto ungepita kwetu ungeanza na yake.

Mama alikuwa amempakata Saidi, mdogo wangu, aliyekuwa na pumu tangu kuzaliwa. Hakufikiri hata kidogo. "Ezueni! Mnangoja nini?"

Wakapanda kama siafu. Sijaona tena watu wakifanya kazi namna ile. Paa aliloliezeka baba kwa mwezi mzima lilishuka kabla sijamaliza kutoa sufuria nje, na moto ulipofika ukazungukazunguka kwenye udongo wetu, ukafa. Nyumba zote za nyuma zikapona. Watu walimshika mama mkono mmoja mmoja, wengine wanalia. Kombo alimbusu mama mkono kama mwana. "Shona makuti tu, dada yangu," alisema. "Yakiwa tayari tuite. Siku moja hiyo, tumemaliza."

Basi tukashona. Kuokota makuti, kuloweka, kuyakunja juu ya fito na kushona, hiyo ilikuwa kazi yetu wanawake. Kupanda na kuezeka ilikuwa kazi ya wanaume, na mwanamke kuonekana paani ilikuwa aibu. Mama alishona mpaka ngozi ya vidole ikapasuka. Tulikaa ndani ya kuta nne, juu mbingu, kuku wa jirani wanaruka na kuingia watakavyo. Jogoo mmoja alitaga, samahani, kuku jike, alitaga kwenye kikapu cha nguo, na mama akaniambia nirudishe yai kwa mwenyewe. Nilirudisha huku nimenuna, maana nilikuwa na njaa. Lakini nimetoka njiani.

Makuti yakawa tayari, yamepangwa uani yanapita kimo changu. Masika ilikuwa imebakisha siku chache, mawingu yanajikusanya, na kifua cha Saidi kilikuwa kimeanza kulia kama filimbi. Mama akanituma niite. Nilikwenda nyumba kwa nyumba. "Shikamoo. Mama anasema makuti tayari." Hakuna aliyekataa, hapo ndipo palipo uchungu. Mmoja alisema inshallah Ijumaa baada ya swala. Mwingine akauliza, "Wenzangu wamefika? Wakifika nipigie ukelele tu, nakuja." Kombo alikuwa amekaa na mke wake mpya, wanakula mhogo, akanimegea kipande. "Mwambie mama nipo. Akina Hamisi wakianza, mimi mara moja." Nilikwenda kwa akina Hamisi. Wao wanamngoja Kombo. Ijumaa ikapita, na ya pili, na mvua ya kwanza ikatunyeshea mchana kweupe. Mama alimfunika Saidi kwa karai kubwa la kufulia, yeye mwenyewe amepiga magoti ameliinamia, maji yanamtiririka usoni.

Asubuhi yake mama alijifunga leso mbili, moja kiunoni, moja kichwani, akapanda. Mimi nilikuwa chini namrushia makuti na kamba. Watu walitoka kutazama. Kombo, wallahi, alicheka.

"Jamani, njooni mwone tumbiri wa Mwabungo!"

Mama hakugeuka. "Tumbiri hana majirani, Kombo. Ndiyo maana anapanda mwenyewe."

Wengine wakacheka pamoja na Kombo, kisha wakaingia majumbani mwao, wameona haya. Siku mbili alifanya hivyo, upande mmoja ukawa umezibika. Siku ya tatu ufito ukavunjika. Nilisikia alivyoanguka kabla sijaona. Alianguka kwa nyonga, akabaki amelala juu ya makuti yaliyosalia, mdomo wazi, bila sauti. Aliyepiga kelele ni mimi.

Wakaja wote. Kombo ndiye wa kwanza, anakimbia kifua wazi, analia, "Dada yangu! Dada yangu!" Wengine walimbeba mama juu ya kitanda hadi kwa mganga wa mifupa, wengine wakapanda. Sasa waliimba. Wanawake walileta uji. Walianza saa nne, na kabla ya adhuhuri nyumba yetu ilikuwa na paa. Asubuhi moja. Nilikuwa nimesimama uani na Saidi mgongoni, nawachukia wote, na kila mmoja aliyeshuka alinipapasa kichwa.

Mama alichechemea mpaka alipokufa. Hakuwasema. Alibadilika jambo moja tu: pakitokea msiba wa moto au mafuriko, alikuwa haendi siku ile. Watu walimteta, Mama Halima ana moyo wa jiwe. Yeye alikwenda wiki ya nne, ya tano, wakati hakuna mtu tena, anaburuta mguu wake na mzigo wa makuti kichwani, anauliza, "Mmefikia wapi?" Mguu ule niliufuata mara nyingi, nikibeba kamba.

Siku hizi ni mabati na simu. Mwaka huu nyumba iliungua hapa hapa, ya mama mmoja kutoka bara anayefua nguo hotelini Diani, ana watoto watatu. Vijana walifika haraka kuliko sisi zamani, nasema kweli, wakatoa godoro na hata mtungi wa gesi. Wakapiga picha. Mimi nilipeleka ndoo yangu ya maji, na mtu akanisifu, "Bibi huyu jamani!" Nikarudi nyumbani nimefurahi.

Hii ni wiki ya sita. Turubai wanalolala chini yake mama yule na wanawe nalionea hapa mlangoni, limechanika upande wa bahari, na jana mtoto mdogo alikuwa akikohoa. Nyumbani nina misumari, na mabati manne yaliyobaki tulipojenga choo. Sijaenda.