Diski Zilizolala na Sumaku

Baba yangu alizaliwa katika vilima vya Djugu, akafuga ng'ombe. Mama yangu alizaliwa karibu na Mongbwalu, akalima mihogo. Majina yao unayajua, mjukuu wangu. Usiyaandike, kwa maana wazee hao hawakuzoea kuitwa na mashine. Mimi sikukanyaga shule. Nilichimba dhahabu, na ninachokijua nimekijua kwa mikono. Andika ninavyosema, wala usinirekebishe.

Vita vilipoingia Bunia, mama yako, binti yangu, alikuwa amebakiza jambo moja tu ili apate diploma yake: kitabu cha kurasa sitini kuhusu ugonjwa wa mihogo. Alikuwa amekiandika chote katika kompyuta yetu pale mtaani kwetu Mbunya, na hakuna ukurasa hata mmoja uliokuwa umechapwa kwenye karatasi. Asubuhi ambayo milio ya bunduki ilikaribia, nilikikumbatia kile kioo kikubwa kama televisheni, nikaanza kutoka nacho.

“Papa, acha ile,” akasema. “Iko uso tu. Akili iko huku.”

Akafungua sanduku la chini, akatoa kipande cha chuma kinachojaa kiganja, kizito kama tofali dogo. Hiyo ndiyo diski ngumu. Akaongeza disketi tatu za plastiki, bapa, ambamo alikuwa amenakili kitabu kilekile. Ndani ya ile ya chuma, alinieleza, kuna sahani zinazozunguka na sindano inayozisoma. Ikianguka, sindano huzikwaruza. Ndani ya disketi mna utando mwembamba tu.

Mimi nilishika neno moja: isianguke. Nikavitia vyote katika mfuko wangu wa ngozi wa machimboni, nikaufunga kifuani. Tulitembea siku nyingi kuelekea Beni, na kila aliyenigusa bega nilimkaripia. Mama mmoja aliyekuwa akitembea karibu nasi aliutazama ule mfuko.

“Muzee, huyu mutoto iko na miezi ngapi?”

“Iko na kurasa makumi sita,” nikamjibu.

Huko Beni tulimpata mtu mwenye ofisi ya kuchapa. Mama yako akafungua mfuko, akavuta disketi ya kwanza, na sumaku yangu ikatoka nayo, imeing'ang'ania penye kijibati chake. Kila mchimbaji anayo: unaipitisha juu ya mchanga mkavu, inanyonya ule mweusi wenye chuma, dhahabu inabaki.

“Papa, umelalisha sumaku na disketi? Sumaku inafuta yote!”

“Ni yangu. Ningeiacha kwa nani?”

Disketi ya kwanza ilikuwa tupu. Ya pili, vivyo hivyo. Ya tatu, mashine ilidai haijawahi kuandikwa kitu. Nikatafuta maneno ya kumwomba mtoto wangu msamaha, jambo ambalo sikuwa nimelifanya maishani. Nilikuwa sijayapata bado, mwenye ofisi alipoiunganisha ile ya chuma kwa waya mpana kama mkanda. Ikavuma kama kinu cha kusaga unga. Kitabu kikatokea, mihogo yote migonjwa kama tulivyoiacha.

“Muzee,” yule bwana akasema akicheka, “hii imezaliwa na sumaku kali ndani yake, ndio inasukuma mukono wa sindano. Ile yako, hii inaisikia kama nzi tu.”

“Nilikuwa ninapima ipi ni imara,” nikasema.

Kitabu kilichapwa siku hiyohiyo, na vita vilipotulia mama yako akakitetea mbele ya walimu wake.

Diski ya kompyuta yako haina sahani, haivumi, na unasema hata ikianguka haikwaruziki. Unasema pia inaweza kufa bila kukohoa. Mimi namheshimu mgonjwa anayekohoa.

Kwa hiyo, tunza kitabu hicho katika diski inayozunguka, katika isiyozunguka, na kwenye karatasi. Vitatu hivyo visilale nyumba moja. Karatasi mpelekee shangazi yako kule kijijini Shari. Kisha msomee mama yako haya yote. Akiuliza kama kweli nilikuwa ninapima, mwambie hapana. Na jibu atakalolitoa, litunze pia.