Bei ya Raia

Dada yangu alikuja likizo kutoka ng'ambo na mifuko mitupu. Watu wa nyumbani hawakujua. Kwao, mtu anayeshuka ndege ana pesa. Ni mimi peke yangu niliyeambiwa kwamba kazi iliisha. Alitaka kitu kimoja tu kabla ya kurudi: kuwaona ndovu kule mbugani, chini ya mlima. Tumezaliwa Kajiado sote wawili, na hakuwahi kuwaona.

Nikamwambia tutaenda, gharama ni yangu, lakini tutaenda kwa akili. Mimi ni mkono wa birika na sioni haya kusema. Gari niliazima kwa shemeji. Chapati na mayai nilipika mwenyewe Kitengela kabla hatujatoka. Tulipopita Kajiado harufu ya nyama choma ikaingia dirishani, nikafunga kioo.

Kilichobaki ni lango la mbuga. Raia hulipa kidogo. Mgeni hulipa mara nyingi zaidi, pesa ambazo sikuwa nazo. Na dada yangu, alipochukua uraia wa ng'ambo, ilibidi aachie wa hapa. Njia nzima nilimfunza.

"Uongee Kiswahili tu. Hiyo miwani toa. Wakiuliza kitambulisho, umesahau kwa nyumba."

"Na wakijua?"

"Watajuaje? Wewe uko na sura ya Kajiado mpaka kwa kisigino."

Hakucheka.

Kwenye dirisha la tiketi alikaa msichana wa Kimaasai mwenye uso mpole.

"Sopa," akatuamkua kwa Kimaasai.

"Ipa," dada akajibu kabla yangu, nami nikaona mambo yameiva.

"Vitambulisho."

Nikatoa changu. "Yake amesahau kwa nyumba." Nilisema haraka mno.

"Si neno, mama. Anitajie tu namba."

Katika ujanja wangu wote sikufikiria namba, na kila mtu hapa anaijua yake kwa kichwa. Nilikuwa bado natafuta uongo mwingine dada alipoitaja. Moja kwa moja, bila kumeza mate, namba ya kitambulisho alichopewa akiwa msichana. Nilitamani kumkumbatia palepale.

Msichana akabonyeza mashine yake. Akangoja. Akabonyeza tena, akakunja uso.

"Inakataa."

"Labda ni netwaki," nikasema.

"Yako imeingia, mama. Hii yake inasema haina mtu."

Uso ulinichoma kwa aibu. Niliogopa ataita askari, nikamshika dada mkono, nikamwambia twende zetu, ndovu hawahami. Hakusogea. Aliinama mpaka mdomo ukakaribia kioo cha dirisha, machozi yakimtoka, akaitaja namba yake upya, polepole, kama mtoto aliyepotea sokoni anayetaja jina la mama yake.