Mfasiri wa Mtu Arukaye

“Mwongo wewe! Wiki jana mtu wako arukaye alinyanyua mlima kwa kidole, leo achelewe kuokoa watu?” Mwahija alimfokea mfasiri wa sinema. Shimo la dhahabu lilikuwa limemfukia mumewe tangu jana, na kwa kuwa wanawake hawaruhusiwi kulisogelea, alikuwa anasubiri humu ukumbini.

“Sinema hii ya pili inaizidi ya kwanza, mama. Kule haumii. Huku anatoka damu kama sisi.”

Kila Jumamosi mchana, madirisha yakishazibwa kwa magunia, mfasiri husimama na kifimbo chake kando ya shuka linaloonyeshewa picha. Sauti yake, watu huapa, iliwahi kuzalisha ng’ombe wa Ushetu kabla ya siku zake. Kizungu hajui hata cha kuombea maji. Hivyo hujitungia: ameshamwoza mtu arukaye binti wa Kahama kwa ng’ombe arobaini, akamgombanisha na mashemeji. Akikwama, hukohoa mara tatu na kulamba midomo.

Sasa kwenye shuka watu walikuwa wakilia kaburini. Mwahija alishusha sauti. “Baba, sema amefika.”

Mfasiri alikohoa. Alikielekeza kifimbo kwenye kaburi. “Amefika,” alisema. “Kifusi amekitupa kule. Anawavuta mmoja mmoja. Huyu wa kwanza anapumua, mama, anauliza mke wangu yuko…”

Mlango ulifunguliwa, mwanga ukaifuta picha. Mageni, aliyekuwa akichimba na mumewe Mwahija, aliingia na tope hadi kifuani, akavua kofia.