Mgeni Aliyetambaa Sakafuni kwa Bi Zuhura

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilimwona mwanamke mwenye mvi na cheo cha serikali akipiga magoti mbele ya watu wazima, akatambaa sakafuni kama mtoto wa miezi tisa. Nikauma ncha ya mtandio nisicheke. Kicheko chenyewe hakikutoka. Mahali pake pakaja kitu kingine, kile kinachomshika mtu anapoingia pahali patakatifu akasahau alilokuwa akilisema.

Najua umepata nyumba kule Ganjoni na unataka kufungua kituo cha kulea watoto. Umeniuliza ukuta upakwe rangi gani. Nitakujibu, lakini kwanza keti. Sisi wazee tukiulizwa rangi ya ukuta huanza na siku tuliyozaliwa. Ni maradhi, na dawa yake haijapatikana.

Miaka ile ya sitini, bendera mpya haijapauka bado, mimi nilikuwa msichana niliyetoka sekondari, cheti changu nimekitia fremu na nikikitazama kuliko kioo. Nilipata kazi katika nasari ya Bi Zuhura, hapa hapa Mji wa Kale. Usidhani niliichagua kwa mapenzi ya elimu. Niliichagua kwa kuwa ilikuwa mlango wa tatu kutoka kwetu. Nilikuwa mtu wa nyumbani kupita kiasi. Makadara kwangu ilikuwa safari, na Kilindini niliisikia tu kama watu wanavyoisikia Bombay. Mamangu, Mungu amrehemu, akinitania: "Wewe Maimuna, ukiolewa itabidi bwana ahamie hapa na kitanda chake." Na ndivyo ilivyokuwa, lakini hayo si ya leo.

Bi Zuhura alikuwa mjane, na ghorofa ya juu ya nyumba yake aliwafungulia watoto wa akina mama wanaofanya kazi. Tulikuwa watatu tu wa kuwaangalia: yeye mwenyewe, mimi, na Mwanaisha, yaya aliyeweza kumbembeleza mtoto hata kwa kumkunjia uso. Miongoni mwa watoto alikuwako Badi, wa mwaka na nusu, kimya, mwenye macho makubwa. Mamake alikuwa akichambua kahawa kwenye maghala ya Kilindini. Hakuwa na mume wala ndugu mjini. Akimleta asubuhi, alikuwa akimshusha mgongoni polepole, kama anayetua kitu cha kioo.

Basi ikaja habari kwamba kila nyumba inayolea watoto wa watu sharti ikaguliwe ipewe leseni. Isiyopewa itafungwa. Na ikifungwa ya Bi Zuhura, Mama Badi angempeleka wapi mwanawe? Kazi ingemponyoka siku hiyo hiyo.

Tulijitayarisha kama watu wanaongoja posa. Kuta tulizipaka chokaa, mikeka tukaikung'uta, tukafukiza udi hata watoto wakapiga chafya. Katika chumba cha nyuma, wanapolala watoto, palikuwa na pembe moja ambayo ukuta umechimbika na chokaa haikushika. Tukasukuma kasha kubwa la Bi Zuhura likaziba ile aibu. Wazo lilikuwa la nani? Mwanangu, usiwe mpelelezi.

Mkaguzi akaja adhuhuri, watoto wamelala. Alikuwa mtu wa bara, Bi Agnes, zamani mkunga, mpana wa mabega, viatu vyake vizito kama vya askari. Akatusalimu kwa Kiswahili cha pole pole, kila neno akiliweka chini kabla ya kuchukua jingine.

"Karibu, bibi, karibu, starehe!" Bi Zuhura akamkalisha kwenye kiti kizuri. "Maimuna, maji ya kunawa! Mwanaisha! Wapi sinia?"

Nikaleta maji. Mwanaisha akatoka mbio chumba cha nyuma, akaleta sinia: kahawa ya tangawizi, kaimati, halua inayong'aa. Nikabaki nimesimama na upepeo wa mkono, nikimpepea mgeni kama sultani. Wewe unajua sisi watu wa hapa. Mgeni akiingia, nyumba nzima humgeukia yeye.

Bi Agnes akanyanyua kikombe. Hakunywa. Akatutazama mmoja mmoja.

"Huyu ni nani?"

"Huyo Mwanaisha," akasema Bi Zuhura. "Ndiye anayekaa na watoto wakilala. Mwangalifu, bibi, hana mfano."

"Na sasa hivi watoto wako na nani?"

Nilisikia vikombe vya muuza kahawa vikigongana chini uchochoroni.

"Wamelala wale," akasema Bi Zuhura mwishowe. "Kunywa, bibi, itapoa."

Bi Agnes akakiweka kikombe chini bila kukiliza, akainuka, akaelekea chumba cha nyuma. Sisi tukamfuata. Watoto wamelala wametawanyika mkekani kama nguo zilizoangushwa na upepo. Mto wa Badi ulikuwa mtupu.

Mwanaisha akafungua kinywa apige kelele. Bi Agnes akainua kidole. Kisha, yule mama mzima, akavua viatu, akapiga magoti, akatambaa. Akapita baina ya watoto bila kumgusa hata mmoja. Akaingia nyuma ya lile kasha letu, mabega yakakwama kidogo, yakapita, na sisi tukabaki tunaona nyayo zake tu. Hapo ndipo nilipouma mtandio.

Tukasikia sauti yake, tulivu kabisa. "Habari yako, bwana? Unatazama nini? Ee, kweli, ni pazuri. Hebu tutazame sote."

Akarudi kinyumenyume, sentimita kwa sentimita, na Badi kifuani mwake. Mtoto alikuwa akitabasamu. Kiatu kimoja hakikuwako.

Unazijua nyumba zetu za zamani, madirisha yake huanzia karibu na sakafu. Nyuma ya kasha palikuwa na dirisha moja kama hayo, na chuma chake kimoja kilikuwa kimeliwa na kutu ya bahari, hakikushika tena chini. Ukikisukuma kinazunguka. Mguu wa Badi ulikuwa umeshatoka nje, na kile kiatu kilikuwa kimetangulia uchochoroni, kwenye mawe, ghorofa nzima chini.

Bi Zuhura akajishika kichwa. "Lahaula! Lakini mtoto mzima, bibi. Alhamdulillahi, hakuanguka."

"Hakuanguka leo," akasema Bi Agnes. "Nami siandiki leseni ya leo." Akampa Mwanaisha mtoto. "Nani anayeijua nyumba hii vizuri zaidi?"

"Huyu Maimuna. Kila pembe anaijua. Hata mlangoni hatoki!"

"Basi, Maimuna, piga magoti. Nenda alikokwenda Badi."

Nilikuwa nimevaa gauni jipya. Nikapiga magoti.

Mwanangu, nimeishi miaka mingi na nimeona mambo, lakini sijaona tena kama nilichokiona pale. Nyumba niliyodhani naijua ikapotea. Dari ikaenda mbali kama mbingu. Miguu ya watu ikawa nguzo. Chini ya kitanda cha Bi Zuhura kulikuwa na giza lenye pumzi yake. Na kule mwisho, baina ya kasha na ukuta, kulikuwa na mwanga. Mwanga wa kijani na dhahabu, unacheza, na ndani yake zinakuja sauti: vikombe vinagongana, mtu anacheka, njiwa wanaguna. Harufu ya iliki ikapanda nayo. Chumba kizima hakikuwa na kitu kizuri kama kile, na kilikuwa kinaniita mimi. Nikajikuta naenda. Nilisahau kwamba nimetumwa, nilisahau cheti changu na fremu yake. Mkono wangu ukakigusa kile chuma, kikazunguka bila ubishi, na chini yangu nikaona utosi wa hamali anapita na mkokoteni, mdogo kama tunda la kungu.

Nilirudi kinyumenyume, gauni limejaa vumbi. Kila siku wale watoto walikuwa wakiishi katika dunia ile, yenye uzuri ule na hatari ile, hatua mbili kutoka miguuni mwetu, na sisi tulikuwa tukipita juu yake na masinia.

Bi Zuhura akajaribu mara ya mwisho. "Bibi, hata kahawa hukuionja. Wewe ni mgeni wetu."

"Kahawa yako inanukia vizuri sana," akasema Bi Agnes, "na ukarimu wenu unanitisha. Mimi si mgeni wenu. Wageni ni hawa hapa mkekani. Wameletwa asubuhi, wanaondoka jioni, na hawajui kudai chochote." Akavaa viatu. "Dirisha litengenezwe kabla mtoto hajalala tena chumbani humu. Nitarudi. Siku sitawatajia. Nikikuta niliyoyakuta leo, mlango huu utafungwa. Na mama yake mtoto mwambieni nyinyi wenyewe, asije akasikia kwa majirani."

Jioni Bi Zuhura akamwambia, bila kupunguza. Mama Badi alisimama na vumbi la kahawa kwenye leso aliyojitanda, anasikiliza. Akamkumbatia mwanawe, akamshika ule mguu usio na kiatu, akakaa nao mkononi kitambo.

"Kesho nitamleta," akasema. "Sina pengine."

Angetutukana tungepata nafuu. Maneno yale mawili ya mwisho yalitulaza macho usiku kucha.

Akaja fundi kutoka Makadara akatia vyuma vipya. Kasha likarudi mahali pake pa zamani, ukuta uliochimbika ukabaki wazi, kila mtu auone. Tukaweka ada, desturi isiyovunjwa: kila asubuhi, kabla watoto hawajaja, mmoja wetu anatambaa nyumba nzima. Mimi nilitambaa hata magoti yakafanya sugu. Mzee mmoja jirani aliniona kupitia mlango ulio wazi, akapiga ukelele: "We Maimuna! Umeposwa na paka?" Nikamjibu kwamba paka ameleta mahari nzuri kuliko ya wana wa huyo mzee. Na ada ya pili: aliye na watoto haondoki mpaka mwenzake ameingia. Aje nani, aje nani.

Ada ya pili ndiyo iliyonitoa jasho.

Siku moja ya mvua, Bi Zuhura ametoka, Mwanaisha yuko msalani anamwosha mtoto, mimi niko peke yangu na waliolala. Badi hakulala, alikuwa kitako ananitazama. Nikasikia kule chini: "Hodi!"

Sauti nikaijua mara moja, kila neno limewekwa chini.

"Hodi!"

Mwanangu, malezi yangu yote yakanipanda miguuni. Mtu mzima, mwenye cheo, yuko mlangoni mwetu analowa, na leseni yetu iko mkononi mwake! Nikainuka. Badi naye akainuka, akashika gauni langu. Nikaketi tena. Kisha nikasogea dirishani naye nimempakata, nikaita: "Bibi, niwie radhi! Niko peke yangu na watoto! Ngoja kidogo Mwanaisha aje!"

Akajibanza ukutani, mvua inamshukia. Majirani wakaniona. "Maimuna!" akaita mama mmoja kutoka dirisha la pili. "Mtu mzima analowa kama kuku, wewe umeketi? Ndiyo mliyosomeshwa huko skuli?" Machozi yalinitoka kwa haya. Nikajiambia, leseni ndiyo hiyo inakwenda na maji ya mvua. Lakini sikushuka.

Mwanaisha alipoingia na mtoto wake, nikaruka ngazi. Bi Agnes alikuwa anatiririka, viatu vinalia.

"Uliniacha mvuani," akasema.

"Ndiyo, bibi."

"Ulijua kuwa ni mimi?"

"Nilikujua, bibi."

"Na hukushuka."

"Sikushuka."

Akakamua pindo la nguo yake. Kisha yule mama akacheka, kicheko kikubwa kilichojaza ngazi, akaniwekea mkono wenye maji utosini, kama anayenibariki. Akapanda juu, akavua viatu, akapiga magoti vile vile na nguo zake mbichi, akatambaa chumba hadi chumba. Kila chuma cha dirisha alikivuta kwa mikono miwili. Kisha akavaa leso ya Bi Zuhura, akaketi pembeni, akangoja mpaka mtoto wa mwisho amechukuliwa. Ndipo akasema, "Sasa leteni ile kahawa," akanywa vikombe vitatu, na leseni akaiacha juu ya sinia, baina ya kaimati.

Wa mwisho siku ile alikuwa Badi. Tulimpa mamake habari. Alikwenda chumba cha nyuma, akapiga magoti penye lile dirisha, akavuta chuma kimoja, akavuta cha pili. Akainuka, akajipangusa magoti.

"Kesho nitamleta," akasema. Yale maneno mawili ya siku ile hakuyasema tena.

Basi, mwanangu, ukitaka kulea watoto wa watu, jambo la kwanza si rangi. Piga magoti. Kila asubuhi iingie nyumba yako kwa urefu wa mtoto, uione inavyopendeza kutoka chini, maana kinachopendeza ndicho kitakachomchukua. Aliye na watoto asiwaache kwa ajili ya mtu, hata awe mkuu gani. Akiudhika, mwombe radhi baadaye, utakuwa na wakati. Kasoro ya nyumba yako usiisukumie kasha. Mkaguzi akija, mpeleke wewe mwenyewe penye ukuta uliobomoka, na kahawa iwe baadaye. Siku litakapotokea baya, mzazi alisikie kinywani mwako kwanza. Leseni usiichukue kama pambo, kama mimi na cheti changu. Ile ni ahadi uliyompa mtu asiye na pengine pa kumpeleka mwanawe.

Mwenyezi Mungu akujaalie macho yasiyosinzia na magoti yasiyochoka. Kila mtoto utakayempokea asubuhi, akuwezeshe kumrudisha jioni akiwa mzima, na viatu vyake vyote viwili. Amina.

Na ukuta, upake rangi yoyote.